PIKAPU YA KAZI HUSAWAZISHWA NA MZIGO WAKE



Siku hizi twaona desturi moja ikienea katika gereji za Nairobi na Mombasa, na hata katika miji midogo, nayo ni kuinua pua ya pikapu. Mwenye gari hulitazama likiwa tupu, huona nyuma iko juu na mbele kumeinama kidogo, naye hapendi. Basi humwita fundi, na fundi huweka pete ngumu, ambazo gereji huziita speisa, juu ya springi za mbele. Mbele hupanda sentimita 3, au 5, na gari husimama sawa kama meza. Kisha tairi za kiwandani huvuliwa na nyingine kubwa zaidi huvalishwa, zenye meno marefu. Kazi huisha kwa mchana mmoja, na gari lapendeza. Hatukatai kwamba lapendeza.

Kama gari ni la mtu mwenyewe, naye hulipeleka kanisani na shambani kwake, hiyo ni fedha yake na sisi hatuna neno. Lakini sasa matajiri wanafanya hivyo hivyo kwa pikapu za kazi, zile zinazochukua mafundi wa njia ya reli na vyuma vyao, saruji, nguzo, mabomba ya maji na mitungi ya gesi. Hapo jambo limekuwa letu, maana anayemlipa fundi ni mwingine na anayekaa kwenye usukani ni mwingine. Sisi twasema hivi: pikapu ya kazi isiinuliwe wala isivalishwe tairi kubwa mpaka dereva wake ameulizwa, vipimo vimeandikwa, na gari limejaribiwa likiwa na mzigo wake.

Yafaa tuanze kwa kuuliza kwa nini pikapu huinama mbele. Waliotengeneza Hilux na D-Max hawakukosea hesabu. Nyuma waliweka springi za mabamba, ngumu, tena wakaziacha juu kwa makusudi, kwa sababu walijua ya kwamba siku ya kazi zitatwikwa karibu tani moja. Pikapu tupu ni kama mchukuzi wa bandarini aliyeinama kungoja gunia. Ukimwona kabla ya gunia utadhani mgongo wake umepinda. Pakia mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, ambayo ni tani kamili, na utaona nyuma inashuka na gari linakaa sawa. Basi mzigo ndio unaosawazisha pikapu. Aliyekwisha kuisawazisha ikiwa tupu, siku atakapoipakia nyuma itashuka vile vile kama zamani, lakini pua itabaki kule juu alikoiweka, na gari litakwenda barabarani likitazama mbinguni.

Desturi hii ilipata nguvu kwanza Marekani, ambako watu wengi hutumia pikapu kama gari la nyumbani, na sanduku la nyuma huenda tupu siku nyingi za mwaka. Kwa gari la namna hiyo ina maana yake. Sisi huku sanduku la nyuma ndilo sababu ya gari kununuliwa.

Na msidhani kwamba pua kuwa juu ni jambo la macho tu. Gari likiinuka mbele, taa nazo zinainuka. Hilux ya siku hizi, toka gurudumu la mbele hadi la nyuma, ni mita 3 na kidogo. Ukiinua mbele sentimita 5 bila kugusa taa, mwangaza unapanda kama sentimita 80 kwa kila mita 50 za mbele. Taa ya chini, ambayo ilipangwa iinamie ardhi, sasa inampiga mwenzako machoni. Kila aliyeendesha usiku kati ya Voi na Mtito Andei anajua maana yake, malori yakiwa yamefuatana na njia ikiwa moja ya kwenda na kurudi. Dereva wa lori akipofushwa kwa nukta 3 tu katika mwendo wa kilomita 80, amekwenda mita 66 bila kuona. Fundi hutumia dakika chache kurudisha taa chini kwa bisibisi, lakini ni wangapi wanaofanya hivyo? Tena hata akirudisha gari likiwa tupu, likipakiwa taa zitapanda tena.

Uzito nao wahama. Mzigo ukikandamiza nyuma, tairi za mbele hubaki nyepesi, na hizo za mbele ndizo zinazopinda kona na ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Dereva husikia usukani umekuwa mwepesi mkononi, na wengine husifu wepesi huo. Wasisifu. Chini ya gari, mikono inayoshika gurudumu la mbele imeinamishwa chini kuliko ilivyokusudiwa, boljointi zinafanya kazi karibu na mwisho wa nafasi yake, na katika gari la magurudumu manne yenye nguvu, shafti za mbele zinazunguka kwa pembe kali zaidi. Mpira unaofunika maungio yake hupasuka mapema, mchanga unaingia, grisi inatoka. Na kama hawakupeleka gari kupangwa magurudumu baada ya kuliinua, tairi mpya za bei kubwa zitalika upande mmoja kama sabuni iliyosahauliwa katika maji.

Watatuambia: ninyi hamjui njia za kaskazini, hamjui matope meusi, gari lazima liwe juu. Twajua sana. Kuna wenzetu wanaofanya kazi Marsabit na Turkana, na wengine hufuata njia ya reli mahali ambapo barabara ni jina tu. Wao wana haja ya gari lililo juu. Lakini na tuseme kweli juu ya kile kinachoinuliwa. Speisa huinua mwili wa gari upande wa mbele, na hilo husaidia bampa isigonge ukingo wa mto. Difu ya nyuma haiinuki hata unywele, maana iko katika ekseli, na ekseli inakalia magurudumu. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi, nayo huiinua kwa nusu tu ya kilichoongezeka. Chukua tairi ya 265/65R17. Urefu wake kusimama ni milimita 776. Weka badala yake 285/70R17, ambayo ni milimita 831. Umeongeza 55, na difu imepanda 27, yaani upana wa vidole viwili vyembamba. Kwa jiwe fulani vidole viwili vinatosha. Kwa bei ya tairi nne na spea yake, mtu apige hesabu.

Sasa tumefika kwenye tairi, na hapa ndugu zetu madereva wasome polepole, kwa sababu hapa ndipo wanapopoteza kazi.

Saa ya mwendo haioni barabara. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na kila mzunguko huuhesabia urefu ule iliofundishwa kiwandani. Tairi ya milimita 831 kwa mzunguko mmoja huenda mbali zaidi ya ile ya 776 kwa asilimia 7. Saa haijui. Ikisema 50, wewe unakwenda 53 na zaidi. Ikisema 100, unakwenda 107. Ni kweli kwamba saa nyingi hutoka kiwandani zikitaja mwendo kidogo zaidi ya ulivyo, ili mtu asijidanganye, lakini tairi kubwa huimeza akiba hiyo. Mjini, ambako sheria ni kilomita 50, dereva mwaminifu anayetazama saa yake aweza kusimamishwa na askari mwenye kamera. Faini italipwa na nani? Leseni iliyoandikwa ni ya nani?

Hilo ni dogo. Kubwa ni dizeli. Safari ya Nairobi hadi Mombasa na kurudi ni kama kilomita 960. Kwa tairi za zamani saa iliandika 960, na kama gari huenda kilomita 10 kwa lita, zilitumika lita 96. Karani akagawanya, akaridhika. Valisha sasa zile tairi kubwa. Barabara haikufupika, Kibwezi haikusogea, lakini saa itaandika kilomita 897 tu. Karani atagawanya kama kawaida yake na kusema, gari hili lilistahili lita 90, nalo limekunywa 96. Lita 6 zimekwenda wapi? Hapo hatujahesabu kwamba tairi nzito na pana hula mafuta zaidi, na kwamba gari lililoinuliwa husukuma upepo mwingi zaidi. Kama ulaji umeongezeka lita 5 tu kwa safari nzima, upungufu wa karatasini umekuwa lita 11, na hakuna mtu aliyefungua tangi wala kutoa mpira.

Mwenzetu mmoja, dereva wa kampani ya ujenzi ambayo hatutaitaja, aliandikiwa barua ya kujieleza juu ya dizeli mara mbili katika miezi mitatu. Mara ya pili alikatwa mshahara. Yeye mwenyewe hakuelewa, akaanza kumshuku taniboi wake, na taniboi akaanza kumshuku yeye. Watu wawili waliokula pamoja miaka minne wakawa hawasemezani. Ni mwenzao wa gereji aliyeuliza siku moja, "Hizi tairi mlibadilisha lini?" Tarehe ya tairi na tarehe ya upungufu wa kwanza zilikuwa wiki moja. Aliyeagiza tairi hizo ni meneja, na aliyeandika barua ya wizi ni huyo huyo meneja. Wala hatusemi alikusudia ubaya. Hakujua, lakini kutojua kwake kulilipwa kwa mshahara wa mtu mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tuendelee kidogo juu ya breki. Breki hushika katikati ya gurudumu, na barabara hushika ukingoni. Ukiongeza urefu wa gurudumu, umeipa barabara mpini mrefu zaidi wa kushindana na breki ile ile. Kwa tairi tulizotaja yahitajika nguvu zaidi kwa asilimia 7 ili gari lisimame kama zamani, na juu ya hayo tairi nzito ikishika kasi hukataa kuiacha. Injini nayo imefanyiwa vivyo hivyo: kila gia imekuwa ndefu, na mlimani pikapu iliyopanda kwa gia ya tatu sasa huomba ya pili. Asiyeamini apakie tani moja, ashuke kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, na anukie mwenyewe magurudumu akifika chini.

Na spea je? Mara nyingi tairi nne hununuliwa kubwa na ya tano huachwa ile ndogo ya zamani, kwa sababu ni gharama, au kwa sababu kubwa haiingii mahali pake chini ya sanduku. Siku ya pancha dereva atavalisha moja ndogo pamoja na moja kubwa katika ekseli moja, na difu itazunguka bila kupumzika mpaka nyumbani. Tena jeki ya kiwandani yaweza kufika mwisho wake na gurudumu bado linagusa chini. Tumeona mtu akipanga mawe chini ya jeki kando ya barabara kuu usiku, malori yakimpita kwa kipimo cha mkono. Aliyelipendezesha gari alikuwa amelala.

Sisi wa reli mambo haya si mageni kwetu, maana kazi yetu yote ni magurudumu na vipimo. Gurudumu la chuma nalo hulika. Hupelekwa kwenye mashini, hutengenezwa upya umbo lake, na kila mara linapochongwa hupungua. Injini ya gari moshi hupima mwendo kwa mizunguko ya gurudumu kama pikapu, basi gurudumu likipungua, kipimo kipya hurekebishwa katika chombo cha mwendo. Behewa nalo likishuka kwa sababu ya magurudumu kulika, kapla zake hazitalingana na za jirani yake, na huko njiani zaweza kuachana. Kwa hiyo hutiwa vipande vya kuliinua hadi urefu unaotakiwa. Tazameni, hizo ni speisa pia! Hatuna chuki na speisa. Ila katika karakana hakuna fundi anayetia kipande kwa sababu ameona behewa halipendezi. Hupima kwanza, hutia, hupima tena, huandika, na mtu hutia sahihi yake. Dereva akipewa gari, karatasi ipo. Kwa nini pikapu inayobeba watu wale wale kuwapeleka kwenye njia ile ile isifanyiwe hivyo?

Matajiri wengine watasema chama kinaingilia mali yao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri aweke vyombo vya kazi katika hali ya usalama. Sheria hiyo hiyo yamtaka mfanya kazi atoe habari kwa msimamizi wake akiona hatari kubwa au iliyo karibu, na mwajiri asimlazimishe kuirudia hatari hiyo kabla haijaondolewa. Basi dereva anayesema, "Bwana, taa hizi ziko juu na breki ni nzito," haingilii mali ya mtu, anatimiza sheria. Juu ya kukatwa mshahara, Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kukata kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi, tena kwa kiasi kilicho haki. Lita zilizopotea ndani ya saa ya mwendo si kosa la makusudi la mtu yeyote. Na anayetaka kumfukuza mtu kwa wizi lazima amsikilize kwanza, naye mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama kando yake. Msikubali kuitwa ofisini peke yenu, saa za chakula, na kuwekewa karatasi ya kutia sahihi.

Waliopita shule za misheni watamkumbuka punda wa Balaamu, aliyepigwa mara tatu kwa kukataa kuendelea, na kumbe yeye ndiye aliyemwona malaika mwenye upanga njiani. Bwana wake alikuwa juu ya mgongo wake na hakuona kitu. Punda alipata kusema siku ile moja tu. Dereva anaweza kusema kila siku, kama ana chama.

Hatuombi mambo makubwa. Kama pua imeshuka kwa sababu springi za mbele zimechoka, ziwekwe springi mpya, wala si pete juu ya springi zilizokufa. Kama kazi iko mahali pabaya na gari lazima liinuliwe, basi liinuliwe mbele na nyuma kwa springi na shokomzoba zilizopangwa kwa mzigo huo, na tairi iongezwe kwa kiasi. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 ni kuongeza asilimia 3 na kidogo, na tofauti hiyo gari laweza kuichukua bila kulia. Uzito ambao tairi imeandikiwa kubeba usiwe chini ya ule wa tairi za kiwandani; huo husomwa ubavuni, na meno makubwa hayaonyeshi nguvu. Spea iwe sawa na nyingine, na jeki ifike. Taa zipangwe gari likiwa na mzigo. Saa ya mwendo irekebishwe, na kama haiwezekani, asilimia iandikwe katika kitabu cha gari ili karani aijumlishe kabla ya kugawanya. Kampani ya bima iarifiwe kwa barua, kwa maana baada ya ajali yeye ndiye wa kwanza kuuliza nani aliyebadilisha gari.

Twataka wajumbe wetu walipeleke jambo hili katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja, likiwa maneno machache tu: gari la kazi likibadilishwa springi au tairi, dereva apewe nakala ya vipimo, na hesabu ya mafuta ianze upya toka siku hiyo.

Na wewe dereva usingoje mkataba. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha gari, soma namba zilizo ubavuni mwa tairi na zile za kibandiko kilicho mlangoni, uziandike zote mbili pamoja na tarehe. Pima kwa futi toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, mbele na nyuma, gari likiwa tupu, kisha likiwa limepakiwa. Safari ya kwanza baada ya tairi mpya, linganisha kilomita za saa na za ramani ya simu yako. Karatasi hiyo fanya nakala mbili, moja ikae nyumbani kwako na moja kwa mjumbe wa chama.